Kopo la Dawa la Koko

Katika jengo moja la fleti huko Sydenham, mjini Durban, aliishi mama mmoja ambaye kila mtu alimwita Koko. Kwa Wakongo, koko ni nyanya. Lakini hata Wakenya waliokaa fleti ya chini walimwita Koko. Mlinzi wa getini, ambaye ni Mzulu, naye alimwita vivyo hivyo.

Koko aliishi na binti yake Julienne na mjukuu wake Mireille. Mume wa Julienne, Séverin, alifanya kazi Johannesburg na alirudi mwisho wa mwezi. Kila asubuhi Julienne alikwenda saluni mjini kusuka nywele. Mireille, mwenye miaka kumi na mitatu, alikwenda shule. Koko alibaki na kazi zake. Alitwanga majani ya muhogo ya kupikia sombe, alisonga fufu, alianika nguo, alipokea wageni.

Wageni walikuwa wengi, kwa sababu Koko alikuwa na kopo.

Lilikuwa kopo kubwa la biskuti, na ndani yake mlikuwa na dawa za kila rangi. Koko hakununua hata moja. Mama mmoja wa kundi lake la maombi akipona kikohozi kabla vidonge havijaisha, alimletea Koko vilivyobaki. Familia ikihamia Kanada, mfuko wao wa dawa ulibaki kwa Koko. Mtu akifariki, Mungu amrehemu, hata dawa zake zilifika kwa Koko.

"Kule tulikotoka niliona mtoto akifa kwa kukosa vidonge vinne," Koko alisema. "Vinne tu! Mimi dawa situpi."

Basi mwenye kichwa alibisha hodi. Mwenye tumbo alibisha hodi. Koko alivaa miwani, akachakura koponi, akatoa kidonge na glasi ya maji. Hakudai kitu. Watu walimbariki, naye alilala usingizi mzuri.

Mwaka jana Julienne alianza kuumwa mgongo. Kusuka ni kazi ya kusimama na kuinama kutwa nzima. Jioni moja alirudi akilia. Siku hizo kopo lilikuwa na vidonge vyeupe vya Fabien, mume wa Mama Nimbona wa kundi la maombi. Fabien alivunjika mguu, hospitali ikampa vidonge vikali, na baada ya kupona vilibaki vingi. Koko alimpa Julienne viwili. Julienne akalala fofofo. Asubuhi aliamka akiimba.

"Mama, dawa yako ni muujiza!" alisema.

Koko alijisikia kama daktari.

Koko akaendelea kumpa kila jioni, na vidonge vile viliisha baada ya wiki tatu. Julienne akapata vingine kwa mtu mmoja mjini. Koko hakuuliza ni mtu gani. Aliona tu kwamba binti yake siku hizi anasinzia mezani, na hachekicheki kama zamani. "Ni uchovu," alijiambia.

Alhamisi moja alasiri Mireille alirudi na tableti ya shule.

"Koko, nina kazi ya nyumbani. Nahitaji mtu mzima."

"Mimi iko mtu mzima. Hata nimepitiliza."

Mireille akacheka. Akawasha tableti na kuiweka juu ya meza.

"Hiki ni kitabu chetu kipya. Somo ni dawa za kulevya."

Koko akashika kifua. "Yesu! Shule inafundisha watoto bangi?"

"Inafundisha tuikatae, Koko. Sasa ona. Humu ndani kuna mwalimu. Si mtu, ni akili bandia. Ni kompyuta inayoongea. Ukiuliza, inajibu. Ukijibu, inakuuliza tena. Haichoki."

"Haichoki? Basi haijawahi kulea mama yako."

Mireille akachagua Kiswahili. Ikatoka sauti ya mwanamke, safi na ya taratibu.

"Eish," Koko alisema. "Inaongea kama redio ya Tanzania."

"Leo tutazame dawa zilizomo nyumbani," sauti ilisema. "Tazameni pamoja, mtoto na mtu mzima. Msinitajie jina la mtu yeyote. Mambo ya afya ya mtu ni siri yake."

Koko akafurahi sana. Alilishusha kopo mwenyewe, akalifuta kifuniko kwa ncha ya kitenge, akalifungua. Alidhani leo mjukuu wake atapata alama za juu kuliko darasa zima.

"Mwambie tunazo nyingi kuliko duka," alisema.

"Je, kila dawa iliandikwa kwa ajili ya nani?" sauti iliuliza.

"Mwambie ni za wote."

Mireille akajibu hivyo. Sauti ikasema, "Asante kwa kusema kweli. Lakini hapo kuna hatari. Daktari anapompa mtu dawa, huangalia umri wake, uzito wake, ugonjwa wake, na dawa nyingine anazokunywa. Dawa iliyomponya mmoja inaweza kumdhuru mwingine. Kunywa dawa ya mtu mwingine ni kutumia dawa vibaya, hata kama imetoka hospitali."

Koko alikunja uso. Alichukua kidonge cheupe chenye mstari katikati. Kilikuwa kimoja cha Fabien kilichojificha chini kabisa koponi.

"Uliza hiki. Hiki njo cha mgongo."

"Siwezi kutambua kidonge kwa kuelezwa rangi na mstari," sauti ilijibu. "Vidonge vingi hufanana. Mwulize mfamasia."

"Vuala! Haijui! Mimi ndiye najua. Kilimponya Julienne."

"Koko! Tusitaje majina!"

"Mungu analijua jina lake tayari."

Mireille hakucheka. Aliandika kitu polepole kwa vidole vyake. Sauti ikasema:

"Baadhi ya vidonge vikali vya maumivu ni vya jamii moja na afyuni. Mtu akivitumia muda mrefu, mwili wake huvizoea. Si kwamba yeye ni mtu mbaya. Ni mwili umejifunza kuvitegemea. Je, kuna mtu unayemjua anayehitaji vingi kuliko mwanzo? Anayesinzia mchana? Anayetoka jasho na kutetemeka akivikosa? Si lazima unijibu mimi. Mwambie mtu mzima unayemwamini."

Mireille aliutazama mlango wa chumba cha mama yake. Koko naye akautazama.

"Koko," Mireille alisema kwa sauti ndogo. "Jumatatu Mama alilala jikoni akiwa amesimama. Mkono wake ulishika mwiko, na nguo yake ilikuwa karibu na moto. Mimi ndiye nilizima jiko."

Koko alifunga kopo.

Ijumaa Julienne aliporudi kutoka saluni, Koko alingoja aingie bafuni. Akafungua mkoba wa binti yake. Alikuta kimfuko cha vidonge vyeupe, akakifunga ndani ya kitenge chake, kiunoni. "Nilimpa mimi," aliwaza, "nitamnyang'anya mimi. Atalia siku moja, halafu yataisha." Hakumwambia mtu.

Jumamosi asubuhi Julienne aliamka anatetemeka. Jasho lilimtoka, na mwili wote ulimuuma. Alipekua mkoba. Alipekua kabati. Alipekua hata kikapu cha nguo chafu.

"Mama, umeona kimfuko changu?"

"Kimfuko gani?"

"Mama, usinichezee!"

"Mwanangu, vumilia. Ile dawa inakumaliza."

Julienne akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Inanimaliza? Ni wewe ulinipa! Kwa mkono wako!"

Kisha akakaa sakafuni na kujikunja. Koko alisimama pale. Aliona kwamba yuko karibu kumpoteza binti yake, na hakujua ashike wapi.

Mireille alikuwa ameshafungua kitabu. Aliuliza haraka, bila kutaja jina. Sauti ikajibu:

"Asiachishwe ghafla nyumbani. Kuacha ghafla kunaweza kumwumiza sana, na wengine hupata degedege. Hii si kazi ya kitabu. Mpelekeni leo kwa mhudumu wa afya, na mbebe vidonge vyote anavyotumia. Akipumua kwa shida, akizimia au akipata degedege, iteni gari la wagonjwa mara moja. Kliniki ya mtaani kwenu iko wazi Jumamosi hadi saa saba mchana."

Koko akafungua kitenge, akatoa kimfuko. Julienne alikiona. Koko alitegemea matusi, lakini Julienne alilia tu, kama alivyolia alipokuwa mtoto.

Wakatoka, Koko upande huu, Mireille upande ule, Julienne katikati. Walitembea pole pole hadi kliniki. Geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo.

"Mwongo mkubwa!" Koko aliifokea tableti mkononi mwa Mireille. "Na sauti yako nzuri hivyo!"

Walipokuwa bado wamesimama, mtu aliwaita kutoka ng'ambo ya barabara, kwenye robot, taa za kuongoza magari. Taa ilipokuwa ya kijani alivuka mbio, mifuko ya sokoni mikononi. Alikuwa Mwalimu Kemunto, Mkenya wa fleti ya chini. Alifundisha katika shule ya Mireille.

"Koko! Mbona mnakaa juani? Kuna nini?"

Koko alitazama chini. Aliona aibu. Lakini mkono wa Julienne ulikuwa unatetemeka ndani ya mkono wake, basi akasema yote: kopo, vidonge vya Fabien, mtu wa mjini, kimfuko ndani ya kitenge.

Kemunto hakushika mdomo wala kutikisa kichwa. Alisema tu, "Mmefanya vizuri kutoka nyumbani. Twendeni hospitali. Huko hawafungi Jumamosi."

Wakapanda taxi. Hospitalini walingoja kwa muda wa karibu saa mbili. Jina la Julienne lilipoitwa, Mireille alisimama.

"Mimi huwa namfasiria Mama," alisema.

Kemunto alimshika bega. "Leo hapana, mrembo wangu. Mambo mengine si ya mtoto kuyabeba mdomoni. Kaa hapa, kula ndizi. Nitafasiri mimi."

Ndani, muuguzi mmoja wa makamo, sista kama wanavyoitwa huko, alimpima Julienne, akatazama vidonge, akauliza maswali. Kemunto alifasiri. Sista akauliza, "Vya kwanza ulivipata wapi?"

Julienne alinyamaza. Alikuwa anamficha mama yake.

"Ni mimi," Koko alisema. "Mwambie ni mimi, mama yake."

Sista alimtazama Koko, kisha akavuta kiti akamkalisha. "Mama, kila wiki naona familia kama yenu," alisema. "Hamuui watu kwa kusudi. Mnapenda watu bila kujua. Sasa sikiliza. Vidonge vya barabarani basi, hakuna anayejua ndani yake kuna nini. Daktari ataandika dawa na kipimo chake, na kila wiki tutapunguza kidogo. Tutashuka ngazi moja moja, hatutaruka dirishani. Na kuna mtu wa mazoezi ya viungo atakayeutazama huo mgongo. Maumivu yalikuwa ya kweli tangu mwanzo, na hakuna aliyeyatibu."

Julienne aliposikia hivyo, alifunga macho. Kwa mara ya kwanza siku hiyo mabega yake yalishuka.

Kesho yake, baada ya ibada, Kemunto alipanda juu kuwajulia hali. Koko alimpa chai ya tangawizi, kisha akaanza mashtaka.

"Mwalimu, kile kitabu chenu iko na uongo. Kilitupeleka kwenye geti la mnyororo."

"Kilikosea, Koko. Nitaripoti shuleni ili kirekebishwe. Lakini nisikilize. Mambo ya vidonge kilisema sawa. Somo hilo sisi walimu tumelikagua, mstari kwa mstari. Saa za kliniki kilibahatisha. Na kikibahatisha, sauti yake haibadiliki. Wewe ukibahatisha, uso wako unaonyesha. Chenyewe hakina uso."

"Sasa mtoto atajuaje?"

"Hawezi kujua kwa kusikiliza tu. Ndiyo maana jambo la afya unakiuliza kitabu, halafu unathibitisha kwa mtu: sista, mfamasia, mwalimu. Kama ni saa za kliniki, unapiga simu. Na jina la mtu huandiki humo. Kitabu kinakusaidia kufikiri. Hakikushiki mkono barabarani."

Mireille alikuwa anachezea kijiko. "Mwalimu," alisema, "mimi nimekuwa nakiuliza habari za Mama wiki tatu. Sikuandika jina. Kila mara kiliniambia nimwambie mtu mzima. Kila mara nilikifunga."

"Wiki tatu!" Koko alisema. "Mbona hukuniambia mimi?"

"Kwa sababu ni wewe ulimpa, Koko. Niliogopa utaumia."

Koko alimvuta mjukuu wake kifuani. Chai ilipoa. Kemunto alijifanya anatazama dirishani.

Jumatatu Koko alibeba kopo hadi duka la dawa. Mfamasia alipokea kila kitu, hata dawa za maji za zamani, akamwambia alifanya vyema kutozimwaga chooni wala jalalani. Koko alirudi na kopo tupu. Siku hiyo alijiona kama mtu aliyeachishwa kazi.

Alhamisi, wanawake wa maombi walipokuja, Mama Nimbona alishika kichwa.

"Koko, nipe kimoja. Kichwa kinapasuka tangu Jumapili."

"Sina. Nimerudisha vyote."

"Umerudisha? Vyangu pia? Basi umekuwa mzungu!"

Wenzake wakacheka. Koko alihisi joto usoni, lakini hakurudi nyuma.

"Kichwa cha siku nne si cha kuzibwa mdomo kwa kidonge cha jirani. Vaa viatu. Nakusindikiza kliniki, leo iko wazi. Nimepiga simu."

Mama Nimbona alinung'unika njia nzima. Sista wa kliniki alipompima, presha yake ilikuwa juu sana. Alipewa dawa yake mwenyewe, yenye jina lake mwenyewe kwenye pakiti. Tangu siku hiyo manung'uniko yake yalipungua.

Miezi miwili na nusu ikapita. Haikuwa rahisi. Wiki zingine Julienne alishuka ngazi, wiki moja alishindwa, na sista wa hospitali hakumfokea, wakaanza tena pale pale. Mwenye saluni alimtafutia stuli ndefu ya kukalia wakati wa kusuka. Mtu wa mazoezi alimfundisha kulala chali na kuinua kiuno, mara kumi, asubuhi na jioni. Mgongo bado ulimuuma siku za mvua. Lakini macho yake yalikuwa wazi, na jikoni alianza tena kumtania mama yake.

Siku Julienne alipomaliza kidonge cha mwisho, Mireille aliacha tableti mezani akaenda kuoga. Koko alisoma shule miaka michache tu, lakini herufi anazijua. Alivaa miwani, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Ilimchukua muda mrefu. Aliandika: *Mama aliyempa mtoto dawa mbaya bila kujua, je, amemharibu?*

Sauti ilimjibu taratibu. "Mama huyo alitaka kuondoa maumivu. Hakujua hatari. Akijua na akibadilika, analinda wengi. Lakini swali hili mimi siwezi kulimaliza. Mwenye jibu ni mtoto wake. Je, ameshamwuliza?"

Koko alikitazama kitabu. "Basi leo hukubahatisha," alisema.

Alikwenda sebuleni. Julienne alikuwa amelala chali juu ya mkeka, akiinua kiuno.

"Julienne."

"Ngoja, Mama, nahesabu. Nane. Tisa. Kumi."

"Nilikuharibu?"

Julienne aliacha mwili ushuke.

"Jioni ile nilipolia," alisema, "kabla ya kidonge, ulinikanda mgongo kwa mafuta ya mawese. Ulinikanda mpaka mikono yako ikachoka. Hilo ndilo ninalolikumbuka. Kidonge sikikumbuki vizuri."

Koko alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge.

"Na sista hajakataza kukanda," Julienne alisema, akageuka akalala kifudifudi.

Koko alipiga magoti, polepole, goti moja kisha la pili. Akasugua viganja vyake mpaka vikapata moto.

"Inauma wapi, mwanangu?"

"Hapo chini. Kushoto kidogo. Hapo hapo, Mama."